Muhogo wa Nyumba Namba Kumi na Moja

Alhamisi, 4 Juni 1964

Tumepewa funguo! Nyumba namba kumi na moja, mtaa mpya, pembeni mwa Mangarivotra. Vyumba viwili, baraza, saruji chini. Nimelia. Halidi, mume wangu, akaniambia nisilie mbele ya wakubwa.

Naandika Kiswahili cha babu yangu wa Nosy Be. Hapa Mahajanga mitaani ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, nyumbani kwetu Kingazija. Hiki hakuna wa kukisoma. Raha iliyoje! Nitasema nitakalo.

Basi niseme. Mtaa unaitwa Sité ya Bustani. Wamevunja vibanda vyetu pamoja na nyua — migomba yangu, mbaazi zangu, mihogo yangu ya miaka tisa — ili wapate nafasi ya kutujengea nyumba zenye bustani. Mchora ramani katueleza leo, fimbo mkononi, kwamba mji wa kisasa hujilisha wenyewe. Alidhani sisi tulikuwa tukila nini?

Kila nyumba ina kiwanja, mita sita kwa nne. Saladi, karoti, na liki, eti kitunguu kisicho na kitunguu. Kuku marufuku. Muhogo marufuku. Chochote kinachopita goti marufuku, kitaziba sura ya nyumba. Na neno lenyewe liko mwisho wa karatasi ya kanuni: nyumba ni zetu kwa miezi mitatu tu. Mkaguzi atakuja. Akikuta bustani kama ilivyo kwenye ramani, atatia sahihi, tutapata hati. Asipotia, tunatoka.

Binti yangu Chamsia anaolewa Septemba na Bourhane. Kwetu bibi arusi hapelekwi kwa mume, mume ndiye anayeingia nyumbani kwa mkewe. Hakuna nyumba, hakuna harusi. Sitti, mama yake Bourhane, keshauliza mara tatu nyumba imefikia wapi.

Halidi kachaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani. Hajashika jembe tangu azaliwe.

Ijumaa, 12 Juni

Ratiba ya maji ya bustani imebandikwa kwenye bomba; ya nyumbani tunapewa ndoo mbili kila siku, marufuku kumwagilia. Mihuri miwili! Namba moja hadi tano, Jumapili asubuhi. Sita hadi kumi, Jumanne asubuhi. Kumi na moja hadi kumi na sita, Ijumaa saa sita mchana. Na lazima mwanamume mwenye nyumba aje mwenyewe kutia sahihi kitabuni, ndipo ndoo ijazwe.

Haya, tuone. Moja hadi tano ni Wakatoliki: Jumapili asubuhi wako kanisani. Sita hadi kumi ni Wasakalava. Dady — ndivyo sote tunavyomwita bibi wa namba kumi — kasema udongo wa hapa hauguswi Jumanne. Ni fady, mwiko wao tangu zamani. Hakuna kulima, hakuna kung'oa, hakuna kumwagilia. Na sisi Waislamu Ijumaa saa sita! Waume zetu wako msikitini, mwenye kitabu kakaa peke yake na bomba lake.

Mtu angekaa mwaka mzima kututafutia siku mbaya asingepata kama hizi. Na hakukusudia. Alipanga kwa namba tu, maskini.

Jumapili, 28 Juni

Barua ya Mwenyekiti ya kuomba siku nyingine imejibiwa. Ratiba haibadiliki, imekwisha sainiwa. Mimea itazoea.

Saladi zangu hazikuzoea. Karibu zote zimekufa.

Nimetoa amri yangu, haina muhuri: tangu juma lililopita hakuna kutawadha mahali pengine ila juu ya matuta. Mara tano kwa siku, watu watatu. Nilipochungulia alfajiri, Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa kati ya liki, suruali kaikunja, anaosha miguu huku anasaga meno kwa baridi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama wa namba nne kaona, sasa anaogeshea watoto wake juu ya karoti. Dady ananawia uso kwenye saladi zake, kila siku isipokuwa Jumanne.

Jumatano, 15 Julai

Ajabu! Kando ya liki kumeota kitu. Shina jekundu, majani vidole saba. Nikapiga magoti nikakitazama vizuri. Muhogo wangu!

Wa kwangu kweli, haki ya Mungu. Ule udongo waliotujazia kwa lori waliuchota kwenye nyua zetu walizovunja. Wameniletea shamba langu hadi mlangoni, bure, na vipande vya mashina ndani. Umeota kwangu, kwa Dady, kwa wa namba nne. Halidi kasema, ng'oa. Nikamwambia thubutu! Akataja kanuni ya sita. Nikamwambia kanuni ya sita aile na wali.

Dada yangu Hadidja kaandika kutoka Ambondrona. Kule muhogo umefika dirishani pa chumba cha kulala na hakuna aliyeuchorea ramani. Anasema tukifukuzwa twende. Ahsante sana. Na Chamsia aolewe wapi, dirishani?

Jumapili, 23 Agosti

Muhogo umenifika kifuani. Majani yake tunakula nyumba sita, tunayatwanga kwa zamu kwenye kinu cha Dady. Saladi zilizobaki ni tatu, na moja naishuku.

Tumekubaliana: kabla ya ukaguzi mihogo yote ing'olewe, iliwe, yaishe. Halidi kanihakikishia watatuarifu wiki nzima kabla. Ofisi ina utaratibu wake, anasema. Kakivimbisha kifua.

Sitti alikuja kuangalia nyumba. Kapima chumba kwa hatua zake, kafungua kila dirisha. Kasema nzuri, hati iko wapi? Nikasema njiani. Akasema arusi Ijumaa ya tarehe kumi na moja, na yeye mwanawe hamwingizi nyumba ya kuazima.

Jumatatu, 31 Agosti

Tarishi wa ofisi kagonga. Mkaguzi anakuja kesho saa nne! Kesho!

Nikakimbilia jembe. Halidi kanishika mkono. Maghrib imekwisha adhiniwa, kasema, siku imegeuka, huu ni usiku wa Jumanne. Tukichimba leo tumevunja mwiko wa Dady ukutani pake, baada ya yeye kutuazima kinu chake mwezi mzima. Nikasimama na jembe. Kasema kweli. Nikalirudisha.

Lakini moyo wangu! Chamsia kajifungia chumbani, namsikia analia.

Jumanne, 1 Septemba

Alfajiri nikamwendea Dady. Nikamwambia tumeheshimu, hatukugusa. Kanitazama kama nimeota pembe. Kwao siku ni jua likichomoza, kasema. Jana usiku mzima ilikuwa Jumatatu! Wao wameng'oa yote kwa taa ya chemli, namba sita hadi kumi hakuna hata jani, na kwa wa namba nne vilevile. Walitushangaa sisi tumelala.

Lo! Katika mtaa mzima, mihogo imebaki kwa waliouheshimu mwiko usio wao, kwa saa isiyo yake. Kwangu mimi na kwa Mwenyekiti wa Kamati! Na sasa jua limetoka, ni Jumanne ya kila mtu.

Mie ni mshonaji. Nikatoa nguo zote za arusi ya Chamsia, kanga, shiromani za kujitanda, shuka mbili, nikazianika juu ya mihogo kuanzia ukuta hadi ukuta. Dady kanisaidia kushika ncha. Kuanika si kugusa udongo, kasema.

Mkaguzi kafika. Kijana wa nyanda za juu, viatu vinang'aa, ameona njaa. Kauliza nguo ni za nini. Nikasema arusi. Akanipongeza! Saladi tatu kazihesabu akaandika tatu. Nikamwambia bwana, huwezi kutoka nyumba ya arusi bila kula. Kakaa barazani. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa: majani ya muhogo kwa nazi, niliyoyachuma jana alasiri.

Kala sahani ya kwanza. Kaomba ya pili. Hati iko mezani, kalamu kaifungua. Kisha kauliza kwa adabu, mboga tamu hivi ni ya sokoni, au ni ya bustani hii?

Naandika haya chumbani, kwenye meza ya cherehani, mlango wazi. Sitti kafika sasa hivi, kasimama ngazini. Mkaguzi anamgeukia Mwenyekiti.

Halidi anakohoa. Miaka ishirini na mbili nimeishi naye. Hukohoa hivyo akitaka kusema kweli.