Kisanduku cha Kilo Mbili na Nusu

Kinyerezi, Dar es Salaam
11 Agosti 2023

Mpendwa kaka Valerian,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wifi Monica, na kwamba goti lako limepata nafuu, maana baridi ya Newala mwezi huu haimhurumii mtu mzima. Mimi ni mzima wa mwili. Dagaa na korosho zangu pale Buguruni zinatoka, ila roho ndiyo haina afya. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako unaiwekaga spika, kaka, na nyumba nzima husikiliza. Barua nimempa jirani yangu Flaviana anayekuja huko Newala kwenye msiba wa kwao, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukikuta imefunuliwa, usimuulize yeye, niambie mimi.

Nakuandikia habari za mwanao Benedikto. Tangu nilipokupigia mwezi wa sita nikakuambia kwamba ni mwizi na mharibifu, najua umemkataza asikanyage kwako, na harusi yake ya Oktoba umesema hutaisimamia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana hasira yako itageuza njia.

Unakumbuka chumba changu cha mbele tulikifanya cha gemu, mimi na Benedikto. Kompyuta yetu kubwa ya mtumba, yenye kadi mbili za picha, ndiyo ilikuwa inawaleta vijana mpaka kutoka Segerea. Shida yake ni kwamba mchezo ukipamba moto inazima ghafla. Benedikto akanieleza kuwa kile kisanduku cha chuma kinachoigawia kompyuta umeme, wao mafundi wanakiita pawasaplai, ni kidogo. Kadi moja inakula wati mia mbili na hamsini, nazo ziko mbili, na ubongo wa mashine nao una tumbo lake. Wote wakila kwa pamoja, chakula hakitoshi. Alitaka cha wati elfu moja, tena wati za kweli. Niliposikia hayo maneno "za kweli" masikio yakanisimama. Mtu anayetaja ukweli bila kuulizwa, mimi huanza kumtazama mikono.

Tukaenda wote Kariakoo. Muuzaji alimwita Benedikto kwa jina na kumletea soda, mimi sikuletewa hata maji. Nikasema moyoni, hapa pana cha juu, mtoto ana fungu lake kwenye bei. Benedikto akachagua kisanduku kilichotumika, hakina boksi, kimechubuka pembeni, na bei yake imechangamka. Hapohapo kulikuwa na kipya, kimechorwa ndimi za moto na kuandikwa wati elfu moja na mia mbili, tena cha bei nafuu. Nilipouliza kwa nini tusichukue hicho, akasema maandishi hayawashi kompyuta. Kile chakavu alikuwa amekijaribu palepale dukani kwenye mashine nzito, na kilikuwa na nyaya za kutosha kadi zote mbili bila kuungaunga. Nikalipa. Shaka yangu unaijua.

Tuliporudi nikamdodosa Ismail, fundi simu wa hapa jirani. Akanieleza kwamba pawasaplai halisi ni nzito, feki ni nyepesi kwa sababu ndani hamna kitu. Basi, hapo nikajiona nimefika nyumbani. Nimekaa sokoni miaka kumi na tisa. Najua jiwe chini ya gunia, najua dagaa waliomwagiwa maji, na kwa uzito hanidanganyi mtu. Jumamosi, Benedikto akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikatoa mizani yangu. Kile chakavu kilisoma kilo moja na robo tatu. Nikakirudisha Kariakoo pamoja na mizani mkobani, nikapima cha ndimi za moto mbele ya muuzaji. Kilo mbili na nusu. Nikabadilishana, nikapewa na chenji juu. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu.

Benedikto alipokiona hakukasirika, na hilo nalo nikalitilia shaka. Alisema tu kwamba yeye hakifungi. "Shangazi, uzito unaweza kuwa wa kitu chochote. Mie hiki sikiwashi." Nikaona cha juu kinamuuma. Nikamwita Ismail, akakifunga. Siku ya tatu, vijana wakiwa wamejaa chumbani, kikalia paa, moshi ukatoka, na kadi zote mbili zikafa. Nikatangaza mbele ya vijana wale na majirani kwamba Benedikto, mwenye ufunguo wa chumba, ameharibu kwa kisasi. Alichukua begi lake akahamia kwa rafiki yake Kawe, na jioni ile ndipo nilipokupigia wewe.

Wiki iliyopita nikaamua kukiuza kile kilichoungua kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa kuwa simwamini, nikataka kwanza nikifungue nitoe shaba. Kibandiko cha kiwandani kilikuwa hakijaguswa, nikakichana mwenyewe. Ndani nikakuta kipande cha saruji, kikubwa kama kipande cha sabuni ya mche, kimepakwa rangi nyeusi na kugandishwa chini, na pembeni vinyaya vyembamba. Nisamehe, kaka, wazo la kwanza lilikuwa kwamba Benedikto ndiye kakiweka. Kisha nikakitazama kile kibandiko mkononi mwangu. Nikakaa sakafuni. Jiwe chini ya gunia, na nimelinunua kwa mizani yangu mwenyewe.

Nilikwenda Kawe kesho yake. Aliniamkia kama zamani, akanipa kiti. Nilimweleza yote nikamwomba radhi, naye akanisamehe kabla sijamaliza, nikadhani yamekwisha. Nilipotaka kuinuka akaniuliza taratibu:

"Na magunia, shangazi?"

Kaka, yale magunia ya korosho uliyokuwa unanitumia kwa basi. Kila msimu nilikuambia yamefika pungufu, leo kilo tatu, kesho kilo nne, na aliyekuwa anayapokea stendi ni Benedikto. Hayakupungua hata mara moja. Nilichukua mimi. Sikukuambia kamwe kwamba mwanao anaiba, nilikuacha uwaze mwenyewe. Ndiyo maana niliposema ni mwizi, uliniamini bila kuuliza swali hata moja. Yeye alikuwa na karatasi za mzigo zenye uzito kamili, za misimu mitatu, na hakukuonyesha. Aliniambia hawezi kumshitaki dada kwa kaka yake. Nyani haoni kundule. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Hakutaka nilipe kitu. Ametaka tu baba yake aipate habari hii kutoka mkononi mwangu, kwa hiyo nimeandika. Mpigie, kaka. Simama kwenye harusi yake. Mimi unaweza kuniweka nyuma kabisa, au usinialike. Kile kisanduku chakavu nilikikuta bado dukani, nimekinunua tena, kiko mezani kimefunikwa kitambaa. Ismail ameomba akijaribu, nimekataa, kinamngoja Benedikto.

Nisalimie wifi na wote wa hapo nyumbani. Flaviana anakuletea dagaa kilo tano. Tafadhali wapime kwanza, kaka, kabla hujasema asante.

Ni mimi mdogo wako,
Filomena