Printa ya Upande wa Pili

Jumatatu, 5 Julai 1999
Mvua tangu mchana. Nimewapigia wateja chapa barua za kuomba kazi, kadi za harambee ya kanisa. Kisha printa yangu ikakohoa na kunyamaza. Imekufa. Nimeipiga makofi, haikujali.

Upande wa pili wa plaiwudi, Kwamboka anachapisha raha mustarehe. Kaka yake alimletea kutoka ng'ambo kompyuta ya Makintosh na printa mpya. Tulikodi chumba hiki cha Litein pamoja, tukagombania wateja, tukakigawa kwa plaiwudi. Siku hizi ni salamu tu. Simwombi kitu.

Alhamisi, 8 Julai
Baba amefariki asubuhi, nyumbani Merigi. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 12 Julai
Mazishi ni Ijumaa. Mama ameomba jambo moja: maisha ya Baba yasomwe kwa Kikipsigis, na kila mtu aende nyumbani na karatasi yake. Nimeyapiga chapa yote. Yamo ndani ya kompyuta yangu na hayatoki. Wachapaji wa Kericho wote wamezidiwa na mitihani ya shule, hawapokei kazi wiki hii.

Basi nimemwomba. Kwamboka alinivutia kiti. Lakini printa yake inaingia kwa tundu la USB tu, na kompyuta yangu, Windows ya zamani, haina tundu hilo. Nikamletea disketi. Makintosh haina mahali pa disketi! Nani hutengeneza kompyuta isiyo na mdomo?

Jumanne, 13 Julai
Fundi ametoka Kericho na waya mrefu, akaunganisha kompyuta zetu juu ya plaiwudi. Ameshinda akibonyeza. Yangu haikuiona printa hata kidogo.

"Madam, hizi mashini haziskizani," akasema, akakunja waya wake.

Nimemchukia bure.

Jumatano, 14 Julai
Nilikaa kwa Makintosh niyapige upya mwenyewe. Nikifika kwa jina la Baba, vidole vinakataa. Nikajaribu tena, vikakataa tena. Kwamboka akaniinua.

"Mama Faith, toka hapo. Enda usome, mimi nitapiga."

"Na hujui Kikipsigis?"

"Si utanitajia herufi."

Nikarudi upande wangu, nikasoma kutoka kwenye skrini yangu kwa sauti ya juu ili ivuke plaiwudi. Neno, halafu herufi zake. Nikilia, anangoja. Tulikuwa karibu kumaliza mvua ya mawe ilipoanza. Stima ikapotea, skrini zote mbili zikazima. Yangu ilikuwa salama kwenye disketi. Yeye hakuwa amehifadhi hata mstari. Nilitaka kuvunja kitu.

Stima iliporudi, akasema tu, "Haya, anza." Mara hii alikuwa ananitangulia. Nasoma nusu ya mstari, nasikia vidole vyake vimeshafika mwisho. Jioni karatasi zikatoka, wino ukiwa bado mbichi. Nilizianika juu ya meza zote mbili.

Ijumaa, 16 Julai
Tumemzika Baba. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyesoma. Alipofika pale Baba alipong'oa mahindi akapanda chai, na majirani wakamcheka, sauti ikakatika. Watu wakatazama chini. Nikaona aibu, nikaona uchungu, sikujua nifanye nini.

Nyuma yangu mtu akausema mstari unaofuata. Polepole, kwa matamshi mabovu, lakini wote. Ni Kwamboka. Hakuwa ameshika karatasi. Kaka akaudaka, akaendelea hadi mwisho.

Mama aligeuka akaniuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wetu.

Jumatatu, 19 Julai
Nimerudi kazini. Plaiwudi imeng'olewa, imeegemezwa ukutani, misumari imo ndani ya kopo. Printa iko katikati ya chumba. Bado inasikia kompyuta ya Kwamboka pekee.

Mteja wangu wa kwanza alileta barua ya kuomba kazi. Nikaipiga yote kwa kompyuta yangu kwa mazoea, ndipo nikakumbuka. Nikasoma, Kwamboka akapiga.