Mwizi Aliyetunza Migomba

Mdogo wangu Kokugonza,

Mguu wako umepona? Shemeji ameshaanika kahawa? Mimi nipo huku Muleba katika kijiji cha ujamaa, mzima, na mbishi vilevile kama siku ile lori la operesheni liliponitoa Kaagya.

Huku kulizuka kesi. Mikungu ya ndizi ilikuwa ikitoweka katika shamba la kijiji. Mwenyekiti akatangaza kwamba mwizi akijulikana atanyang'anywa nyumba na kufukuzwa. Kwa kuwa nakaa jirani na shamba, na mpaka leo naitwa mtu wa kuja, macho yakanigeukia mimi.

Asubuhi moja nilikwenda kukata jani la kufunikia chungu. Nikateleza, nikaanguka chali. Kumbe nilikanyaga vipande vya mgomba vilivyochanjwa na kutandazwa vizuri kuzunguka machipukizi. Nikabaki nimekaa palepale. Mkungu niliouona jana yake haukuwapo, na mti uliokuwa ukiutegemeza ulikuwa umehamishiwa mgomba wa pili ulioanza kuinama. Mwizi hukata akakimbia. Huyu alikata, akachanja shina, akatandaza, kisha akategemeza mwingine. Sisi tunaoitwa shambani kwa filimbi hatufanyi hata nusu ya hayo.

Shamba lile, kabla ya kuitwa la kijiji, lilikuwa kibanja cha mjane mmoja, Ma Nyakato. Nikaenda kwake.

"Nimeiba, waitu, ndugu yangu?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Nani amekuuliza?"

"Una matope mgongoni. Ulikuwa kule." Akacheka. "Mkungu ulikuwa umekomaa. Wao wanasubiri kikao."

Kikaoni mwenyekiti akaniambia, "Mzee, wewe unayesoma magazeti, mwizi ni nani?"

"Mwizi hayupo, Ndugu Mwenyekiti. Yupo mtu anayelitunza shamba kuliko sisi sote."

"Mtaje."

"Simtaji."

"Basi utaondoka wewe."

"Nilishaondolewa mara moja. Safari hii leteni lori lenye turubai. Lile la kwanza nililowa."

Watu wakacheka, kikao kikavunjika. Kesho yake, mchana kweupe, niliingia shambani na panga, nje ya zamu, nikachanja mashina na kutandaza. Majirani wakanifuata. Ma Nyakato naye akaingia. Sasa shamba zima limetandazwa, na hakuna awezaye kusema ni mkono wa nani. Lori halijaja.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa fimbo, na mama mkwe wako asiyenipenda.

Kokugonza, ukipita penye kibanja changu huko Kaagya ukakuta mikungu imekatwa, tazama mashina kwanza. Yakiwa yamechanjwa, mwache huyo mtu, tena mpe pole ya kazi. Yakiwa yamesimama yanaoza, ingia wewe na panga. Ukiulizwa umetumwa na nani, nitaje.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado ni wa Kaagya,
Rwechungura