Wimbo ya Kulela

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 1 mwezi wa sita

Sasa hivi Plamedi, mutoto wangu, alichomoa waya ya telefone mu sikio yangu, akaitia mu kinywa, akatafuna. Kisha alinitazama. Alifikiri labda muziki itaingia naye mu tumbo. Nilimunyanganya. Alilia. Nilimurudishia upande moja, ule ulikufwaka zamani. Alinyamaza. Sasa nasikiliza na sikio moja. Naandika hapa nikingoja maji ya kufula manguo ipate moto.

Nyimbo. Nyimbo tu, tangu asubui.

Juu ya yule mwimbaji ya orkestra ya Papa Kalenga. Aliolewa, bwana yake alimupeleka Ndola. Papa Kalenga anatafuta mwengine. Alinisikia mu kilio kwa jirani, nikiimba na bamama, akatuma bantu baniite. Siku ya posho ya juma ijayo, tarehe 13, kuko jubile ku Golf, kwa batajiri: Papa Leonar na Mama Rejina, miaka makumi tano ya ndoa. Batoto yao banataka nyimbo ya kila miaka kumi yenye bazazi balipita pamoja, kutoka zamani mpaka leo. Kama naweza kubeba zote, Papa Kalenga atanikamata ku kazi, niimbe naye kila siku ya Mungu ku hoteli ya Karavia. Kama siwezi, nitarudi ku kwaya na ku sabuni ya manguo.

Nataka hii kazi. Naandika wazi, nisijifiche. Nataka sana.

Baba Plamedi iko Kolwezi, anaendesha kamyo ku mine ya shaba. Alisema ku telefone: jaribu, bibi yangu, weye unaimbaka hata ukitwanga majani ya sombe. Kumbe anasikiaka.

Siku ya pili, tarehe 2

Naanza kuzielewa. Kila miaka iko na namna yake ya kupumua.

Ya wakati Mama Rejina alikuwa bibi arusi haina haraka. Sauti inakaa juu ya gitaa kama muntu mwenye kushiba. Ya wakati mama yangu alikuwa kasichana, gitaa inakimbia, na weye unafwata nyuma na biatu mu mukono. Ya wakati mi nilizaliwa, kuimba ni kidogo, ni kupiga kelele na kutaja majina ya bantu mpaka basimame bacheze. Kisha zouk ya Kifaransa, ile ya kulegea, yenye bantu banakamatana kiuno. Kisha nyimbo ya Mungu, juu hakuna jubile bila bamama ya kanisa. Karindula, ile banjo ya kopo ya mafuta, juu tuko Katanga, bila karindula bazee hawatatoka ku kiti. Na mwisho ya batoto ya leo. Ngoma mingi, maneno kidogo.

Nilijaribu zote mu lupango, inje ya nyumba, moja nyuma ya ingine. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akauliza: radio yenu iko mugonjwa? Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ya kufungulia nilishachagua. Ile tunaitaka "Nalela". Nkambo, mama ya mama, alimulela mama nayo, mama alinilela nayo, mi namulela Plamedi nayo. Yote iko mu Lingala, na Lingala sisikii sana. Lakini ile neno moja, nani hasikii? Nalela. Niko na mutoto wangu ku mugongo, nalela. Hakuna ingine muzuri kupita hii kwa bantu benye balizaa na kulela pamoja.

Siku ya tano, tarehe 5

Repetisyo ya kwanza, kujaribu nyimbo na orkestra, mu lupango ya Papa Kalenga, Katuba. Mama alikuwa ku soko, nikamubeba Plamedi ku mugongo. Niliogopa batanifukuza. Mupiga ngoma alimupatia kifuniko ya nyungu na kijiko, akasema: sasa tuko na bapiga ngoma babili, na mukubwa njo mubaya.

Mikro ya kweli. Sauti yangu ilitoka upande ingine ya lupango, kama ya muntu mwengine. Muntu munene, mwenye nyumba yake.

Karindula: nilishindwa kusimamisha miguu. Zouk: sikufunga macho juu ya haya. Papa Kalenga alisema nifunge, nikafunga, ikakuwa muzuri. Ku ile ya kutaja majina nilikosa majina. Nilitaja bantu yote ya lupango yetu, na yule mama mwenye kuuzisha makala ku kona. Balicheka bote.

Papa Kalenga ni muzee ya maneno kidogo. Nikiimba "Nalela" aliweka kidevu juu ya gitaa yake. Kisha alisema: hii njo ya kufungulia. Tutaifanya tena wakati mupiga gitaa ya solo atafika, kijana moja anatoka Kinshasa.

Nilirudi na miguu mpaka kwetu. Sikusikia njia.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Misa. Kwaya ilikuwa mu zaburi, roho yangu ilikuwa mu gitaa yenye kukimbia. Mungu anisamehe.

Mama anashona nguo yangu ya jubile. Anasema kitambaa ilipunguka, nisipumue sana. Nilimwambia: mama, mi nitaimba. Alisema: basi imba bila kupumua.

Niko na furaha, naimbia hata nyungu.

Siku ya pili ya juma, tarehe 9

Nilisikia haya. Haya tu.

Kijana ya solo alifika. Fiston. Kofia nyuma, Kiswahili ya kubahatisha, vidole ya ajabu. Nilianza "Nalela" vile naimbaka, na kucheka mu macho, kama niko naangalia Plamedi. Fiston aliacha kupiga.

— Mama Plamedi, unafurahia nini? Bwana alikufwa.

— Bwana ya nani?

— Ya huyu mwenye kuimba. Nalela, ni kulia. Machozi. Banatosha maiti mu nyumba, banaibeba inje, yeye iko chini, analia. Weye unachekelea.

Mupiga ngoma alianguka na kiti yake. Fiston naye alianza kucheka, alishika ukuta. Alisema: bantu ya Lubumbashi, munalalishaka batoto na kilio ya mujane. Lupango yote ilicheka. Mi pia nilicheka, na meno tu.

Papa Kalenga hakucheka. Yeye alipigaka hii wimbo tangu ujana wake, mu arusi, mu ubatizo, kila pahali. Alitazama mikono yake. Kisha alisema itoke. Odilo, mwana mukubwa ya Papa Leonar, alisoma Kinshasa, atasikia kila neno. Na Papa Leonar alitoka ku hopitali juzi. Nitaimba namna gani kilio ya mujane mbele yake, na bibi yake kando?

Siwezi. Ni kweli, siwezi.

Nkambo. Mama. Mi. Sasa Plamedi. Sisi bote ku mugongo, na maiti mu nyumba.

Siku ya ine, tarehe 11

Nilimwambia mama. Alikatala. Alisema yule kijana hajui Kiswahili, basi.

Papa Kalenga alinipatia ingine ya ile miaka ya arusi yao, ya mapendo. Niliijua kwa siku moja. Haina kosa. Haina kitu. Leo tulipita zote kutoka mwanzo mpaka mwisho na sikuanguka pahali. Fiston mwenyewe alisema: uko na koo ya kweli. Nilimusamehe kidogo.

Mwisho Papa Kalenga aliniita kando. Siku ya posho hakuna kubadilisha, hata neno moja. Hii familia beko na ndugu bengi ku Karavia. Bakikasirika, mulango itafunga kwa orkestra yote, si kwako tu. Nilisema: ndiyo, Papa. Niliahidi.

Mangaribi Plamedi alikatala kulala. Nilianza ile yetu, nikaacha. Niliona tu yule mujane chini. Nilimuimbia karindula. Hakulala. Alicheza.

Siku ya posho, tarehe 13, asubui

Baridi. Nguo inabana vile mama alisema. Plamedi anabaki naye. Naenda.

Siku ya posho, jioni

Nimerudi. Naandika mbele ya kusahau, sijavua hata biatu.

Ku Golf, majani ya vila yao inanyolewa kama kichwa ya mwanafunzi. Papa Leonar alikuwa mu kiti kubwa, blanketi ku magoti, suti juu. Mama Rejina kando yake, kitenge ya rangi ya zahabu, mukono moja juu ya blanketi tangu mwanzo.

Nilifungua na ile ya mapendo. Balipiga mikono vile bantu banapigaka nyuma ya hotuba. Sawa. Lakini gitaa yenye kukimbia ilibatosha ku biti, bakasimama. Mu ile ya majina nilitaja familia yote, bakwe, bajukuu, mpaka mushofere mwenye alikuwa anakula nyuma ya gari, akakuya na sahani yake kucheza. Zouk nilifunga macho. Bamama ya kanisa balinyanganya nyimbo ya Mungu, baliiendesha benyewe, mi nilifwata tu. Karindula, bazee balitupa fimbo. Ku ya leo, bajukuu balipanda juu ya meza, na hakuna muntu alibagombeza.

Nilizibeba zote. Zote. Sijakuwaka na siku kama hii.

Njo Mama Rejina alisimama. Alikuya pole pole mpaka ku mikro.

— Mwanangu, na ile ya kulela? Miaka yetu ya kwanza bila ile, ni miaka gani?

Odilo alikuya mbiyo nyuma yake.

— Mama, ile hapana. Ile ni kilio. Ni mujane mu Lingala.

— Kilio ya nani? Weye nilikulela nayo. Ulikuwa unalala kinywa wazi, mate inamwangika ku mugongo yangu.

Bantu balikufwa na kucheka. Odilo na suti yake yote hakuwa na pa kujificha. Mama Rejina alivuta kiti, akakaa karibu kabisa na mi.

— Imba, mama.

Nilitazama Papa Kalenga. Alitikisa kichwa: hapana. Fiston alitosha mikono ku gitaa. Niliona Karavia inaenda. Niliona pia huyu mama, uso juu, anangoja.

Niliimba. Bila gitaa. Ile maneno ingine yote niliacha, sikugusa ya mujane hata moja. Nilikamata tu sauti yake na ile neno yetu. Na nyuma yake nilitia ingine, yangu, ilitoka yenyewe: mutoto. Nalela mutoto. Nalela mutoto wangu. Sasa Lingala iko wapi? Hakuna tena. Iko Kiswahili, iko ya kwetu, hakuna muntu wa kunisahihisha.

Bamama balijibu. Bote, mara moja. Bale ya jikoni balitoka na unga mu mikono. Balijua wapi pa kupanda na wapi pa kushuka. Kumbe haikuwa nyumba yetu tu yenye ilikosa. Ni muji yote. Fiston alirudi ku gitaa, chini chini, nyuma yetu, na hakucheka.

Papa Leonar aliniita na kidole. Niliinama. Yeye alitumikaka ku reli, alilalaka mbali, kwa bantu ya Lingala.

— Mi nilijuaka, alisema mu sikio yangu. Tangu mutoto ya kwanza.

— Na hamukumwambia bibi yenu, Papa?

— Angeacha kuimba.

Kisha Mama Rejina alirudi kando yake, naye alirudisha mukono ya bibi yake juu ya blanketi.

Mu gari Papa Kalenga alikuwa anafuta gitaa yake. Njia yote. Balinishusha ku kona, alisema tu: lala muzuri. Nilivunja ahadi mbele ya bantu. Sijutii. Naogopa. Yote mbili.

Siku ya Mungu, tarehe 14

Jua kidogo mu lupango. Misa nilienda ya asubui. Nguo nilifula kwa mukono, nikaanika pa kivuli. Sauti ilichoka, asubui nilisema kama bata. Plamedi iko chini ya meza, anagombeza kiatu.

Baba Plamedi alipiga telefone. Nilimueleza yote. Nikafikiri mutandao ilikatika. Kumbe alikuwa anajaribu ile Nalela mutoto, polepole, na sauti yake mubaya.

Orkestra inaendaka ku Karavia nyuma ya chakula ya muchana. Saa yenyewe ilifika. Hakuna muntu alituma neno. Nilipika bukari, nilikula kidogo, niliosha masahani. Sina hasira na Papa Kalenga. Orkestra ni yake, iko na haki. Sasa nyimbo ya bantu ya kila miaka ziko ndani yangu, hakuna mwenye ataweza kuzitosha. Ni kitu. Si kitu yote. Kweli ningependa

Honi ku mulango. Mama anapiga kelele kutoka inje. Anasema ni gari ya orkestra, Papa Kalenga anauliza kama nangoja banitumie barua, na Fiston anataka kujua ile "mutoto" inaingiaka wapi, juu leo tunafungua na