Nguzo ya Sita

Louisville, Kentucky
Machi 9

Kwa kaka yangu Lowell,

Salamu nyingi kutoka Mtaa wa Main. Natumaini mgongo wako umepona na joto la Arizona linakutendea mema. Mimi ni mzima, ila uvumilivu umeniishia.

Ni kwa ajili ya duka la kofia la baba. Mwenye maegesho ya magari ya jirani anataka kulibomoa, na halitaokoka lisipoingia kwenye orodha ya majengo ya kale yanayolindwa. Basi kamati ya jiji imenisumbua tangu Oktoba. Mikutano mitatu wamebishana juu ya rangi tu. Niliwauliza kama wanataka duka au keki ya harusi. Hakucheka hata mmoja.

Jana akaja mkaguzi wao, Bi Hargis, na sumaku kwenye uzi. Akaijaribu kwenye kila moja ya nguzo sita za mbele, ambazo zote zilipaswa kuwa za chuma. Tano ziliishika. Ya sita ikaiacha ianguke. Akaigonga kwa kidole, akaniambia, "Bi Verna, huu ni mti mtupu. Rangi iliyochanganywa na mchanga inawadanganya wapita njia, sumaku haidanganyiki." Nilitamani kumfukuza, yeye na sumaku yake. Alisema bila vipande vya ile nguzo ya chuma ya awali, ili mafundi wayeyushe chuma na kusubu nyingine kama ile, jengo halipiti.

Akauliza nani aliivunja ile ya chuma. Nikajibu kama tulivyojibu kwa miaka arobaini na moja: kaka yangu Lowell, kwa lori la baba, akafukuzwa nyumbani. Akaniagiza nikuulize vipande vilikwenda wapi.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na nimejichosha kuliko kamati ilivyonichosha. Huwezi kujua, Lowell. Viko chini ya ngazi za ghala. Vimebaki na rangi ya manjano ya gari lililovigonga, na lori la baba lilikuwa la kijani. Gari la manjano lilikuwa langu. Jumapili ile nilirudisha gari nyuma bila kutazama, baba yuko kanisani na wewe umelala. Nikavikokota ndani kabla hajarudi. Baba aliona lori uliloliegesha pale pale, akaamini umevunja na vyuma umeviuza, akakuamsha kwa makofi. Nami nilinyamaza. Hata tulipomzika bila wewe, nilinyamaza. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Jumatatu nitamwonyesha Bi Hargis vipande na kumtajia jina langu. Kamati iamue itakavyo. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia.

Nisalimie Joyce na wajukuu. Ukiona vyema kuja, chumba chako kipo; usipotaka, sitakulaumu.

Dada yako aliyekukosea,
Verna