Asumini ya Rugu Siku ya Maonyesho

Tanga, 4 Februari 1912

Kwa ndugu yangu Abdulrahim bin Abdulatifu, aliyeko Rugu, Karagwe.

Salamu zikufikie wewe, mkeo na mtoto. Sisi wa Tanga tu wazima, ila goti langu la kushoto halitaki ngazi. Je, baridi ya huko imekuachia kifua?

Neno langu ni moja. Shufaa ametimiza miaka tisa. Mimi ndiye niliyekulea mama yetu alipofariki, na kwa haki hiyo nasema: mlete binti kwangu, alelewe kiungwana. Huko migombani atajifunza nini? Kumenya ndizi? Binamu yetu Seif atakuja na bidhaa baada ya mvua. Arudi naye, wapande meli Bukoba.

Nijibu, wala usinizungushe.

Dada yako,
Mwaja


Rugu, 20 Machi 1912

Kwa dada yangu mheshimiwa, aliye kwangu mahali pa mama, Bi Mwaja binti Abdulatifu.

Shikamoo yangu itangulie maneno yangu. Kifua changu ni kizima, na nyumba yote haina ugonjwa. Goti lako tunaliombea kila swala.

Waraka wako nimeupokea kwa mikono miwili. Kukukatalia siwezi, na kukubali kunanishinda. Kwa hiyo naleta ombi mbele yako kwa adabu zote. Serikali imetangaza maonyesho ya maua na bustani, mwezi wa Juni, katika uwanja wa soko, mwendo wa asubuhi moja kutoka dukani kwangu. Ule mche wa asumini uliomkabidhi Seif mwaka juzi umetanda uani kote, na anayeumwagilia maji ni Shufaa. Tutakwenda sote watatu. Ikiwa asumini yetu itatunukiwa, na iwe hoja ya kwamba mtoto analelewa kiungwana hapahapa, nawe umwache. Ikiwa haikutunukiwa, nitamkabidhi kwa Seif bila neno la pili.

Mke wangu Nyamwiza asema nimeweka rehani kisichokuwa changu peke yangu. Amenuna tangu jana. Hata hivyo nimekwisha kuandika.

Mdogo wako mtiifu,
Abdulrahim


Tanga, 29 Aprili 1912

Salamu. Goti ni lilelile.

Nimekubali. Ukumbuke kwamba ni wewe uliyetoa neno.

Dada yako,
Mwaja


Rugu, 17 Juni 1912

Kwa dada yangu mheshimiwa, Bi Mwaja.

Shikamoo. Natumaini umeamka salama siku utakayosomewa haya. Sisi tu wazima wa viungo. Naeleza yaliyotukia jana bila kuongeza wala kupunguza.

Kabla ya jua kuchomoza, mimi na Shufaa tulichuma matumba yote, tukatunga makoja makubwa ya shingoni kama ulivyonifundisha utotoni. Ukindu wa kutungia hatukuwa nao. Binti alitumia nyuzi za mgomba. Kwetu pwani asumini huonyeshwa ikiwa imetungwa, na sikuwaza vinginevyo.

Tulipofika, kila mtu alikuwa na mmea wake hai, umo chunguni na udongo wake. Mkulima mmoja wa Murongo akacheka: "Mswahili, umeleta maua au shanga za kuuza?"

Nyamwiza, aliyekuwa hajasema nami njia nzima, akadakia: "Baba Shufaa, jogoo umekwisha kumnyonyoa, sasa wamleta hapa awike!" Uwanja ukaangua kicheko.

Msimamizi akasema ua lisilo na mizizi halishindanishwi. Nikasimama kukata rufaa, nikaanza, "Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa kuzingatia..." Hakungoja, akapita kwenda kutazama maboga. Tuzo alipewa mzee mmoja kwa mawaridi yake.

Nikaamuru turudi nyumbani. Shufaa hakusogea. Alimwendea bibi kizee aliyekaa nyuma ya mboga zake, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kinyambo, kisha akamvisha koja. Bibi akavuta harufu, akafumba macho.

"Mawe!" akashangaa kwa lugha yake. "Nani amekufundisha haya?"

"Ni baba, waitu," binti akajibu kwa neno lao la heshima. "Naye alifundishwa na shangazi yangu wa Tanga."

Wanawake wakaja, makoja yakaisha. Binti akaomba moja lirudishwe, akalifumua, akaketi majanini kuwaonyesha. "Usidunge katikati, utaliua. Dunga kwenye kikonyo. Siyo hivyo! Anza upya."

"Mwalimu mdogo, una ukali!" bibi akasema.

"Ukali ni wa shangazi. Mimi naupitisha tu."

Mawaridi yalibaki na mwenyewe tu. Hata yule wa Murongo alisimama juani akimngoja mkewe amalize kujifunza. Nyamwiza alisimama nyuma ya mtoto, amenyooka, akimwambia kila apitaye, "Huyo wangu." Kisha akanitazama, akaongeza, "Na wa huyu hapa." Dada, sijapata kusimama mahali nikajiona mrefu kama jana.

Lakini tuzo hatukupata. Neno nililitoa mwenyewe, na sitafuti mlango wa kulitoroka. Seif yupo hapa mpaka mwisho wa Septemba. Nguo za mtoto zimefungwa. Mama yake ndiye aliyezifunga. Nangoja amri yako.

Mdogo wako mtiifu,
Abdulrahim


Tanga, 25 Julai 1912

Kwa ndugu yangu Abdulrahim.

Salamu kwako, kwa mtoto, na kwa mke wa ndugu yangu, ambaye katika nyaraka zangu zote nilikuwa sijamtaja kwa jina. Nyamwiza, hujambo? Nilikusema pasipo kukujua. Goti langu limepoa.

Waraka wako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili niliwaita wanawake wa mtaa waje wasikie. Abdulrahim, ungeweza kuniandikia kwamba mmeshinda. Nani hapa angejua? Hukuniongopea, na malezi hayo ni yangu, niache nijisifu.

Fungueni nguo za mtoto. Seif na arudi na ngozi alizonunua, peke yake.

Watu wamezoea kuniuliza Shufaa atafika lini. Sasa nawajibu kwamba haji. Ana wanafunzi Karagwe.

Shangazi yake mwalimu mdogo,
Mwaja