Senti kumi ya babu

Honorata, nimeharibu. Nipo Kisarawe, bado tuko matangani kwa babu. Nimejificha nyuma ya jiko.

Unajua nilivyohangaika kutafuta asili ya ule mchezo wake, senti kumi ya mkoloni inayopotea kiganjani? Leo nikaona niwasimulie wanawake waliokaa na bibi chumbani. Nilidhani namuenzi babu!

Nikasema alifundishwa na mtu wa mazingaombwe aliyepita Kibaha mwaka 1957. Uzi unapitishwa kwenye tundu la sarafu, ukivutwa sarafu inaingia ndani ya mkono wa kanzu.

Shangazi Biubwa akadakia, "Kumbe baba alikuwa tapeli!" Chumba kizima kikacheka.

Bibi hakucheka. Akauliza, "Uzi?"

Uzi, Honorata! Na mimi nikaitikia, ndiyo bibi, uzi!

Ndipo akasema babu alimtongoza kwa mchezo ule. Sarafu ilipotea, akamwambia, "Imetangulia kwenu kupeleka posa."

Nikamwomba radhi. Akanishika mkono, akasema taratibu, "Mke mwenza, miaka yote ile ningetaka kujua, si ningemuuliza mwenyewe?"